Siku Nilizoishi Bila Mkubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Siku imeanza vibaya. Bi Nukta amenirudishia ripoti ya gundi kwa mara ya pili. Ati nimesahau nukta mwishoni mwa sentensi! Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nimerudi mezani kutafuta nukta kama kuku anayetafuta punje. Mjuaji, wa meza ya pili, akajifanya anakohoa. Alikuwa anacheka.

Niandike wazi, maana humu hasomi mtu: nimechoka kuwa na mkubwa. Bi Nukta ndiye msimamizi wangu katika chumba cha kumbukumbu cha kiwanda hiki cha magodoro. Likizo, mpaka asaini yeye. Zamu, anapanga yeye. Nikienda msalani, anatazama saa.

Ila kwa moja nimshukuru. Daktari wa macho anakuja zahanati ya kiwanda Jumanne ijayo, na vifaa vyake, kuwafanyia upasuaji wazazi wa wafanyakazi wenye mtoto wa jicho. Jina la Mama limo, na Bi Nukta ndiye aliyelipigania. Mama haoni tena. Juzi alilikaribisha koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliambia liketi, akaliuliza watoto hawajambo. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitoka nje. Sikutaka Dada aone machozi.

Jioni, nikitaka kufunga kompyuta, nikaona jambo. Humo kila mfanyakazi ana mstari wake: namba, jina, kazi, na kisanduku cha mwisho chenye namba ya msimamizi wake. Kwa namba hiyo mtu anafungwa kwa mkubwa wake, kama mbuzi na kigingi. Sasa nikatazama mstari wa Mkurugenzi. Kisanduku cha mwisho kitupu! Bila shaka. Nani atamsimamia Mkurugenzi?

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Dada kauliza nimekunywa nini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya.

Nilingoja Mjuaji aende kuchukua chai, nikafungua mstari wangu, nikafuta namba ya Bi Nukta. Sikuandika sifuri. Sifuri ingekataliwa, kwa kuwa hakuna mfanyakazi namba sifuri, na kompyuta haikubali kumfunga mtu kwa mkubwa asiyekuwepo. Lakini utupu inaukubali, kwa ajili ya Mkurugenzi. Mlango uliachwa wazi kwa mtu mmoja mkubwa, na mimi nimepita humo humo. Akili ni mali!

Nikataka kuhakikisha. Nikaiambia kompyuta inipe watu wote ambao msimamizi wao ni sawasawa na wa Mkurugenzi. Nilitarajia majina mawili, lake na langu, bega kwa bega. Ikajibu hakuna. Hata mmoja! Yaani Mkurugenzi mwenyewe halingani na Mkurugenzi. Nikauliza tena, safari hii nikibonyeza kwa nguvu. Hakuna.

Nikamuuliza Mjuaji kwa kuzunguka, nikasema nina rafiki wa kiwanda kingine ana shida hiyo. Akafurahi, maana Mjuaji anapenda kuulizwa kuliko kula. Alinieleza kwamba kisanduku kitupu si kwamba kinasema "hana". Kinasema "haijulikani". Sasa ukikutana na watu wawili wamejifunika shuka gubigubi, utathubutu kusema ni mtu mmoja? Wala huwezi kusema si mmoja. Utasema sijui. Na kompyuta ikishasema sijui, haimtii mtu kwenye orodha. Akaongeza kwamba huyo rafiki yangu awe mwangalifu.

Nikamjibu kwamba rafiki yangu anajua anachokifanya.

Jumatano, 6 Agosti

Raha!

Bi Nukta ametoa orodha ya zamu za kuhesabu magodoro ghalani Jumamosi. Jina langu halimo. La Mjuaji limo mara mbili. Bi Nukta akasoma majina kwa sauti, akanipita kama anavyopita kabati, akaendelea. Orodha haina mimi, basi na yeye hana mimi. Nilijikaza nisicheke hadi mbavu zikauma.

Baada ya chakula nikalala nyuma ya mabunda ya sponji. Vumbi la sponji linawasha pua, lakini ukishazoea ni usingizi wa kifalme. Hakuna aliyeniulizia. Nimeamka, nimejinyoosha, nimetembea kiwandani mikono nyuma kama Mkurugenzi. Fundi wa cherehani akanisalimia shikamoo. Ni mkubwa kwangu kwa umri, lakini nikaitika.

Alhamisi, 7 Agosti

Chakula sikupata. Kumbe orodha ya chakula nayo imepangwa kwa wasimamizi. Mpishi kaangalia karatasi ya watu wa Bi Nukta, kaniambia simo. Nikamwambia kwa kujidai kwamba mimi siko chini ya mtu yeyote. Akanijibu basi nikale kwa huyo mtu yeyote. Foleni nzima ikaangua kicheko. Nimeshinda na mkate mkavu na maji ya bomba.

Nikarudi kwenye kompyuta na hasira zangu. Nikasema, kama simo kwa watu walio chini ya Bi Nukta, basi lazima nimo kwa wasio chini yake. Ni moja kati ya mawili, au siyo? Nikaomba orodha hiyo ya pili. Watu wa gundi wote wapo. Walinzi wapo. Mimi sipo! Si wa kwake, wala si asiye wa kwake. Nimekuwa popo, ndege hawamtaki na wanyama hawamtaki.

Hapo ndipo ningerudisha namba. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, naapa. Ila kukaingia jambo la pili. Mfanyakazi akiwekwa chini ya msimamizi, kompyuta humpelekea msimamizi ujumbe kwamba amepewa mtu mpya. Ningerudisha namba, Bi Nukta angepata ujumbe kwamba amepewa mimi, naye angetaka kujua siku hizi nilikuwa wapi. Kisha akatoka ofisini kwake akimkaripia Mjuaji kwa sababu ya nukta mbili. Mjuaji, si mimi. Nikasema acha kwanza, tamu hii niilambe siku moja zaidi.

Laiti ningejua. Lakini nani hujua siku ya Alhamisi?

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haraka, mwandiko unisamehe.

Nesi amebandika orodha ya macho kwenye mlango wa zahanati. Nilikwenda kwa furaha, nikiwa na simu mkononi ili nipige picha jina la Mama nimpelekee Dada. Nikasoma toka juu hadi chini. Nikasoma toka chini hadi juu. Mama hayumo.

Nesi alikuwa anahesabu glavu. Akanieleza bila haraka kwamba yeye hachagui, kompyuta ndiyo inatoa. Inamchukua mzazi, inamfunga kwa mwanawe mfanyakazi, halafu inamfunga mfanyakazi kwa msimamizi wake, kwa sababu msimamizi ndiye anayetoa ruhusa ya kumsindikiza mgonjwa. Kamba ikikatika popote, jina linadondoka. Akasema pengine kwangu imekatika mahali, na nafasi imekwenda kwa aliyekuwa akingoja, baba mkwe wa Mjuaji. Mzee wa watu naye haoni, akasema, ananyoa ndevu za upande mmoja tu.

Nikauliza sasa itakuwaje. Akasema orodha ya mwisho itachapwa Jumatatu mchana. Jina likirudi kwenye kompyuta kabla ya hapo, Mama atapasuliwa. Lisiporudi, daktari hafanyi kazi kwa huruma, anafanya kwa orodha, na akitoka hapa harudi mpaka mwakani.

Nilidhani ninajikata mimi kamba. Kumbe Mama alikuwa amening'inia chini yangu.

Ofisi ya Bi Nukta ilikuwa wazi. Alikuwa ndani, anachonga penseli. Nilipita mlango huo nikiwa na maneno mdomoni: bosi, nimekosa. Nikapita. Nikarudi. Nikapita tena. Mara ya mwisho akainua kichwa akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nanyoosha miguu.

Mwoga mimi! Mwoga kabisa.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Mama alimwambia Dada kwamba akipona, kitu cha kwanza ni kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Amechoka kuomba. Akaniuliza kama jina lake bado liko salama. Nikasema liko salama salmini. Dada akanitazama kwa jicho la upande. Dada yangu huyu tangu utotoni anajua nikidanganya, anasema masikio yangu yanasogea.

Nikaondoka kabla hajaniuliza. Na njiani, wazo! Lilikuja lenyewe, kama zawadi.

Tatizo ni utupu, sivyo? Basi niujaze. Na namba ya Bi Nukta siitaki, kwa sababu ya ule ujumbe. Je, kama nikiandika namba yangu mwenyewe? Niwe msimamizi wangu mimi! Kamba haikatiki, Mama anarudi kwenye orodha, na ujumbe unakuja kwangu. Ndege wawili kwa jiwe moja, na jiwe linarudi mfukoni.

Wenzangu walikuwa ghalani wanahesabu magodoro, chumba kitupu. Nikaandika namba yangu kwenye kisanduku changu. Kompyuta ikakubali, maana mfanyakazi mwenye namba hiyo yupo, amekaa mbele yake. Mara ujumbe ukaingia kwangu: umepewa mfanyakazi mpya, je, unamkubali? Nikafikiri kidogo, maana namfahamu. Nikamkubali.

Nikafungua orodha ya macho. Mama yumo! Baba mkwe wa Mjuaji karudi kwenye wanaongoja. Nikamwonea huruma kidogo, ila ndevu za upande mmoja haziui mtu. Nilicheza peke yangu katikati ya meza, nikagonga goti kwenye droo.

Jumapili, 10 Agosti

Sina la kuandika. Nimelala mchana. Mama ameimba akichambua mchele kwa vidole, mawe kayaacha yote.

Jumatatu, 11 Agosti

Balaa.

Kila Jumatatu asubuhi kompyuta hupanga kazi za wiki kabla mashine hazijawashwa. Inamchukua kila mtu, inapanda kwa msimamizi wake, kisha kwa msimamizi wa msimamizi, hivyo hivyo juu kwa juu mpaka inapokutana na kisanduku kitupu. Hapo inajua imefika, inateremka. Mkurugenzi hakuachiwa utupu kwa heshima tu. Ule ndio ukingo wa ngazi.

Ilipofika kwangu ikapanda kwa msimamizi wangu. Ikanikuta mimi. Ikapanda kwa msimamizi wa huyo. Ikanikuta mimi. Ikapanda tena. Loo! Saa mbili ilikuwa inapanda. Saa nne bado inapanda. Skrini zote zimeganda. Mashine za kukata sponji zinangoja maagizo, mafundi wamelala juu ya magodoro mapya na viatu vyao, Mkurugenzi anatembea huku na huku anauliza nani mhusika.

Mjuaji alitafuta kosa, shati limemlowa mgongoni. Mimi nikamletea maji. Nikamletea na mengine. Nikampepea kwa jalada. Akaniambia leo nimekuwa mwema ajabu.

Mchana Nesi akaja kuchukua orodha ya mwisho. Akakuta skrini imekufa. Akangoja kidogo akiwa amesimama, akasema daktari hawezi kungojeshwa, kama hakuna mpya atatumia ile ya Ijumaa. Ile ya Ijumaa! Isiyo na Mama!

Nilikuwa nimesimama kati yake na mlango. Neno moja tu. Ningesema, dada, kosa liko kwenye mstari wangu, Mjuaji angelitoa hapo hapo, orodha ingechapwa, Mama angekuwemo. Mkurugenzi alikuwa anatusikiliza. Nikajibanza ukutani ili Nesi apite.

Jioni Mjuaji kaliona. Hakupiga kelele. Kaigeuza skrini upande wangu, kidole kwenye namba yangu na namba yangu tena. Akaniuliza kama rafiki yangu wa kiwanda kingine hajambo.

Jumanne, 12 Agosti

Nilimpeleka Mama hata hivyo. Nilijiambia labda mtu atakosa kuja. Watu hukosa kuja, huumwa, huogopa kisu. Nani kakosa? Hakuna. Wazee wote wamefika mapema, wameoga, wananukia sabuni.

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Mama alinishika mkono. Kila mlango ulipofunguliwa aliinuka kidogo, nami nikamwambia bado. Baba mkwe wa Mjuaji akaitwa, Mjuaji akamwongoza kwa kiwiko, akapita mbele yetu bila kunitazama. Afadhali angenitukana. Nikamwomba Nesi amsihi daktari. Akaenda kweli, akarudi akitikisa kichwa, dawa zimekuja kwa idadi ya majina. Walipoanza kufunga masanduku, Mama akaniuliza mbona kumetulia.

Nikamwambia kompyuta imekosea, Mama. Jina lilitoka.

Hakulia. Kaniambia tu, haya mwanangu, tuondoke, utachelewa kazini.

Nyumbani Dada alilia kwa niaba yetu sote. Kisha Mama akataka kujua, hiyo kompyuta inaandikwa na nani? Nikasema na kijana mmoja. Akauliza kama atafukuzwa kazi. Nikasema huenda. Basi alipokaa kusali jioni, akamwombea. Alimwombea huyo kijana wa kompyuta, kwamba hakukusudia, kwamba naye ana mama yake nyumbani anayemtegemea, Mungu amfunike, mkate wake usikatwe. Akamwombea kwa kirefu kuliko alivyoyaombea macho yake.

Nikaitikia amina. Ilibidi. Dada alikuwa ananitazama masikio.

Majuto ni mjukuu, wanasema huja kinyume. Wangu amekuja leo na amekaa kifuani. Nataka iandikwe kwamba najuta. Najuta Jumanne, najuta Alhamisi, najuta mlango wa Bi Nukta, najuta ule ukuta niliojibanzia. Sitagusa tena kisanduku maisha yangu yote.

Jumatano, 13 Agosti

Bi Nukta ameniita. Mjuaji hakunisema, nampa haki yake, ila kompyuta ina kumbukumbu ya kila aliyebadilisha kitu na hiyo haina aibu.

Nilitegemea moto. Hakufoka. Aliniuliza kitu kimoja: ile Ijumaa, nilipokuwa napita mlangoni kwake, nilikuwa nataka kusema nini? Akasema angerudisha namba wakati ule ule, angenikaripia kidogo, na Mama leo angekuwa na bandeji jichoni. Mama yake mwenyewe, akasema, alikufa haoni, ndiyo maana alipigania orodha ile. Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote nimemcheka kwa nukta zake.

Akanipa barua. Moja, lakini ina mambo mawili. La kwanza, onyo kali, na nimeondolewa kwenye kumbukumbu za wafanyakazi. La pili ni ombi kwa Mkurugenzi: gari la kiwanda limfuate Mama nyumbani Jumatano ijayo, limpeleke kwa daktari huyo huyo huko alikokwenda. Bi Nukta mwenyewe kampigia daktari simu, naye amekubali kuongeza mtu mmoja. Ameyaweka pamoja makusudi, ili Mkurugenzi asome kosa na dawa yake kwa mara moja.

Nilimshukuru nikiwa nimeinama. Nilitaka kumbusu mkono, nikaogopa.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku njema! Jua limetoka, hata gundi inanukia vizuri.

Nimechunguza mambo. Barua zote ziko kwenye kompyuta, kila moja na mstari wake, na kisanduku chenye namba ya mfanyakazi ili ijulikane ni ya nani. Jumatatu Mkurugenzi atafungua jalada la kila mtu kwenye skrini na kusaini barua atakazozikuta humo. Kwenye jalada langu atalikuta onyo, na onyo likisainiwa linakaa maisha. Wamenifungia kumbukumbu za wafanyakazi. Za barua wamesahau kunifungia!

Nikawaza: onyo likiwa halina namba ya mtu, litakuwa onyo la nani? Si la mtu! Bi Nukta atajua lipo, Mkurugenzi hataliona, na mimi nitabaki msafi kama pamba. Wala sikugusa kisanduku changu, hiki ni cha barua. Ni kitu kingine kabisa. Nimefuta namba, nimehifadhi, nimefunga.

Ombi la gari limo humo humo kwenye barua, ndiyo, nimelifikiria. Lakini hilo ni la Mama, halina uhusiano na namba yangu. Bi Nukta keshaongea na daktari kwa mdomo, na mambo ya mdomo hayako kwenye kompyuta.

Mama yuko barazani sasa hivi. Anamtangazia jirani kwamba Jumatano gari linakuja kumchukua mlangoni. Ananiuliza kila saa kama safari hii hakuna mtu wa kompyuta wa kuharibu. Nimemwambia alale usingizi, mambo yote nimeyashika mimi mwenyewe.